Kapteni wa Mwamkulu

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimeamua. Nitanunua yoti.

Si mtumbwi. Si yale maboti ya wazi ya kubebea dagaa. Yoti ya injini, iliyotumika lakini yenye heshima zake, yenye kibanda cha nahodha na vioo pande zote. Nahodha anakaa humo ndani, mkavu, ameshika usukani, abiria wanamwona. Hilo la kuonwa ni la muhimu.

Chanzo ni jirani yangu Stanslaus. Jana kwenye kikao cha kamati ya harusi katibu alimtambulisha kuwa ni Mkurugenzi Stanslaus. Mkurugenzi wa nini? Wa pawatila moja, kile kitrekta cha kulimia cha magurudumu mawili! Kisha akafika kwangu, akasema na huyu ni baba Glory, mume wa Kabula. Watu wakapiga makofi. Makofi ya Kabula, si yangu! Nilimaliza soda yangu kwa uchungu mkubwa.

Mpango wenyewe ni huu. Watalii wanakuja hifadhi ya Katavi kuangalia viboko. Wakishawaona viboko, wanafanya nini? Hawana la kufanya. Nitawapeleka Karema, ufukweni, niwazungushe Ziwa Tanganyika, wapige picha, waniite Kapteni. Mwamkulu nzima hakuna mtu mwenye yoti, nimeulizia. Ni kweli kutoka hapa mpaka ziwani ni safari ya basi na vumbi, lakini hiyo inaonyesha tu kwamba wenzangu wamezubaa.

Kabula sijamwambia. Tangu lile suala la mradi wangu wa sungura, mke wangu amepoteza imani na uwekezaji.

Jumanne, 5 Novemba

Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikakata. Wataalamu wa yoti wanashauri hivi: usinunue rangi, nunua mwili. Gonga ubavu usikilize kama umeoza. Ingia ndani unuse. Uliza injini ilikuwa inahudumiwa na nani. Keti kwenye kibanda cha nahodha uangalie kama unaona mbele, nyuma na kando bila kusimama.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Hayo yote mbona nayajua! Ni kununua ng'ombe tu. Baba aliswaga mifugo kutoka Maswa mpaka huku, na mimi nimekulia mnadani. Unagonga ubavu, unanusa mdomo, unaangalia kwato, unauliza alikuwa analala wapi na anakula nini. Wazungu wameandika kurasa na kurasa juu ya jambo ambalo mtoto wa Kisukuma analijua kabla hajaota meno ya pili.

Kuna ushauri mmoja sikuona maana yake. Wanasema lazima uijaribu majini, wewe mwenyewe ukiwa ndani. Mimi na maji hatujazoeana. Naoga vizuri, sina tatizo. Lakini maji yanayopita magoti sijawahi kuona yana kazi gani na mimi.

Suala la malipo limejipa. Waziri na Mkandarasi! Hao ni maksai wetu wa kulimia, wanene, wenye adabu, hakuna jozi kama ile kata nzima. Kusema kweli ni maksai wa Kabula. Aliwanunua kwa mpunga wake wakiwa ndama, akawafundisha jembe yeye mwenyewe. Lakini mume na mke ni mwili mmoja, padri alisema hivyo mbele za watu.

Yoti ikianza kuingiza nitanunua jozi nyingine, na Kabula atakuwa na maksai wapya na mume kapteni. Ila ifanyike haraka. Mvua ya kwanza ikikuta zizi tupu, shamba halilimwi, mpunga haupandwi, na sidhani kama nitaendelea kulala katika nyumba hii.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemwambia Kabula kwamba binamu yangu Zablon wa Kasokola anaomba maksai wamsombee matofali. Mgongo unamsumbua. (Mgongo wa Zablon ni mzima kabisa, anacheza mpira.) Kabula alimhurumia sana. Akasema wachukue, baba Glory, ila wawe wamerudi kabla ya mvua. Akawapa pumba kwanza. Akamkuna Waziri kwenye paji la uso, akamwambia asimchoshe Zablon.

Nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona ya barabara.

Kasokola nikawapandisha kwenye Fuso la mahindi linaloelekea Karema. Stanslaus akanipita na pawatila yake akauliza ng'ombe wanakwenda wapi, jirani. Nikamjibu kwamba kuna mambo mengine ni ya ngazi ya juu kidogo. Alicheka. Acha acheke.

Jumamosi, 9 Novemba

Karema. Ziwa ni kubwa kuliko nilivyoambiwa. Halina ng'ambo! Nilisimama mbali kidogo, kwa tahadhari.

Nimepata mwenyeji, Sixte, fundi wa injini za boti. Kijana mzuri sana. Kila ninachosema anasema ni kweli kabisa, Kapteni. Kapteni! Nimemnunulia chai na chapati mara mbili.

Tumekagua yoti tatu. Ya kwanza ya mbao, kibanda cha nahodha ni mabati matupu na ndani kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye usukani. Nilimtazama mbuzi, naye akanitazama. Nikakataa. Ya pili nyeupe, inang'aa, nzuri mno. Nikaigonga ubavu kama inavyotakiwa, mkono ukarudi mweupe. Rangi ya asubuhi ile ile! Nikamwambia mwenye nayo kwamba hata mnadani kwetu kuna watu wanapaka ng'ombe mafuta. Alikasirika, jambo ambalo ni ushahidi.

Ya tatu ni ya mzee mmoja anaitwa Evarist. Iliachwa na mtafiti wa samaki aliyerudi kwao, ikawa kiinua mgongo cha Evarist kwa kuilinda miaka yote. Kibanda kina vioo pande zote, kimoja tu kimepasuka. Kuna kitanda na jiko dogo. Nikagonga ubavu: imara, faiba nzito. Nikanusa: samaki na dizeli, basi. Nikainama kuangalia chini ya tumbo, nikaangalia propela, kwato ziko sawa. Niliketi kwenye kiti cha nahodha ikiwa imekalia mchanga, nikashika usukani, nikaona mbele, nyuma na kando. Moyo ulinidunda. Sijawahi kuketi mahali pazuri namna ile tangu nizaliwe.

Evarist anasema maji yamemchosha. Ana shamba huko juu, anataka kulima. Niliona machozi yanataka kumtoka alipowaona Waziri na Mkandarasi.

Jumapili, 10 Novemba

Tumekubaliana! Maksai wawili kwa yoti moja, mkono kwa mkono.

Sixte na Evarist waliijaribu majini. Mimi niliongoza zoezi nikiwa mchangani. Ilikwenda, ikageuka, ikarudi. Ng'ombe akienda, akageuka, akarudi, unataka nini tena? Evarist alinisihi nipande na mimi nionje. Nikamwambia mnunuzi makini haonyeshi tamaa.

Halafu tukakabidhiana, na hapo niliwaonyesha watu wa Karema ustaarabu. Kwetu ng'ombe akiuzwa, kamba haiuzwi. Muuzaji anamfungua, anarudi na kamba yake, anaitundika zizini, ili baraka ya zizi isiondoke na yule ng'ombe. Kwa hiyo nikawafungua Waziri na Mkandarasi, nikaweka kamba zangu mbili kwenye begi. Evarist akaridhia, desturi ni desturi.

Sasa na mimi ni mtu wa haki. Nikaenda kwenye yoti, nikafungua kamba yake, nikamkabidhi Evarist. Ndefu, nene, mwisho wake kuna nanga ya chuma. Evarist akashangaa. Akasema hiyo, bwana, huwa inakwenda na boti. Nikamwambia hapana mzee, siwezi kukuhamishia baraka zako. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema mimi ni Msukuma, kwa mambo haya huwezi kunifundisha. Basi akaibeba begani akaondoka na ng'ombe, anageuka geuka nyuma.

Yoti imetulia, pua yake iko mchangani, kama ng'ombe aliyeshiba. Sixte ameanza kuandika jina langu ubavuni kwa rangi nyekundu. Amefika MALA, nusu ya jina, akaenda kula. Jioni alisema atamalizia kesho.

Nalala gesti, begi nimelifanya mto. Kamba zinaniumiza shingo. Sijali! Usiku mwema, Kapteni.

Jumatatu, 11 Novemba

Haipo.

Yoti haipo. Mchanga upo, alama ya pua yake ipo, maji yapo mengi kupita kiasi. Upepo ulivuma, ziwa likajaa kidogo, likaibeba. Wavuvi wameiona alfajiri inaelekea kaskazini, imenyooka vizuri, wakadhani kuna mtu anaiendesha.

Nililia. Naandika ukweli, nililia nimekaa mchangani na begi mapajani. Ndani ya begi kuna kamba mbili nzuri za katani, nilizisokota mwenyewe.

Evarist alikuja kunipa pole. Alikuja na ile kamba na nanga yake begani, akakaa karibu nami, akasema ziwa ndivyo lilivyo. Sikuweza kuiangalia ile nanga.

Sixte ameahidi kupiga simu Ikola na vijiji vya njiani. Nilimuuliza kama aliwahi kufikiri kwamba yoti inahitaji kufungwa. Akasema ni kweli kabisa, Kapteni. Mbona hakuniambia? Akasema alidhani ni desturi.

Nimekuwa kapteni kwa usiku mmoja, tena nimelala.

Jumatano, 13 Novemba

Nyumbani. Kabula ameuliza matofali ya Zablon yanaendeleaje. Nikasema yanasonga. Maksai wazima? Wazima, wanamsalimu. Nikaona nimezidisha.

Mawingu yamejaa upande wa Kasokola. Stanslaus amekwisha kutia mafuta kwenye pawatila yake, anaisikiliza inavyonguruma, anatabasamu kila nikipita. Leo sikuvumilia. Nikamwambia nina yoti. Akauliza iko wapi. Nikasema iko safarini. Huo si uongo! Akauliza inaendeshwa na nani. Nikamwambia ina mfumo wa kisasa.

Aliizima pawatila. Halafu akasema maji usiyoyafika hujui wingi wake, jirani. Mtu wa pawatila, ananifundisha maji!

Alhamisi, 14 Novemba

Siku mbaya.

Kabula alikuwa anatafuta sabuni. Akafungua begi langu. Akatoa kamba ya Waziri. Akatoa na ya Mkandarasi. Alizishika, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto, akasimama katikati ya ua.

Nikaanza kueleza kwamba Zablon ana kamba zake. Nikasema hizi zilikuwa zimechakaa. Naye ni binti wa wafugaji, amezaliwa zizini. Kamba ikirudi nyumbani bila ng'ombe, hata mtoto wa darasa la kwanza kwetu anajua maana yake.

Kabula akipiga kelele najua la kufanya. Natoka, nazunguka sokoni, narudi. Lakini hakupiga kelele. Alizikunja zile kamba taratibu, akazipangusa vumbi kwa kitenge chake. Ndipo akaniuliza swali moja tu, umewauza wapi, baba Glory. Nikamwambia yote. Yoti, vioo, kibanda, MALA, upepo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema njia ya mwongo ni fupi, ila yako imefika mpaka ziwani. Kisha akaenda kukaa kwenye zizi tupu. Nilimwona kupitia dirisha anafuta macho. Wale ng'ombe aliwalea tangu wakiwa hawajui kunywa maji kwenye ndoo. Niliona aibu ya kweli. Sikula usiku, ingawa pia hakuna aliyepika.

Jumamosi, 16 Novemba

Karema tena. Kabula alikaa kiti cha mbele kwenye basi, mimi nyuma. Kamba alizibeba yeye.

Tuliwakuta maksai kwa masikio kabla ya macho. Watu wanapiga mayowe! Kumbe Evarist hakuwa na kamba za ng'ombe, kwa sababu mimi niliondoka nazo. Akawafunga kwa kamba aliyokuwa nayo. Ile ya yoti. Waziri na Mkandarasi walikuwa wanapita katikati ya bustani za mchicha wanaburuta nanga, wanachimba mtaro mrefu ambao pawatila ya Stanslaus isingeuweza. Evarist yuko nyuma anawabembeleza kwa Kifipa. Wale ni ng'ombe wa Kisukuma! Hawaelewi.

Kabula aliita mara moja. Walisimama. Walikuja wenyewe, na nanga yao, wakaweka vichwa kwenye kifua chake. Evarist akapangusa jasho.

Halafu kesi, nyumbani kwa Evarist. Kabula alimwamkia Evarist vizuri, shikamoo baba, akaketi, akasema maneno machache. Kwamba ng'ombe ni wake na mumewe hakumuuliza. Kwamba pamoja na hayo, biashara yenyewe haikutimia. Mtu akiuza ng'ombe akabaki na mguu, atasema ameuza? Nanga ni mguu wa boti. Baba, ulibaki na mguu, kwa hiyo boti ilikuwa bado yako, na imepotea ikiwa yako.

Nilitaka kuingilia na kusema kwamba kisheria hoja hiyo ina udhaifu. Kabula alinitazama. Nikaacha.

Evarist alikubali upesi mno. Wenye mchicha walikuwa wanamsubiri pale mlangoni. Akasema chukua, mama, chukua hata sasa hivi, mimi maji yamenichosha lakini ng'ombe wamenimaliza. Mchana Sixte akaleta habari. Yoti imeonekana, imenasa kwenye matete karibu na Ikola, haina jeraha. Wavuvi wameanika dagaa juu ya kibanda cha nahodha. Evarist ataifuata. Jina la MALA litabaki, kulifuta ni kupoteza rangi.

Nilimuuliza Kabula kama tungeweza kupita Ikola mara moja tu, niiangalie. Akaanza kuwafunga maksai kamba zao.

Jumatatu, 18 Novemba

Fuso lilitushusha Mwamkulu alfajiri na mvua ikashuka nyuma yetu. Mvua yenyewe, ya kupandia! Kabula hakungoja hata chai. Alifunga nira, akanipa kazi ya kuongoza mbele, kazi wanayopewa watoto. Nilitembea kwenye tope mpaka magotini siku nzima, na kila aliyepita njiani alinisalimia.

Saa nne pawatila ya Stanslaus ilizama. Ilinguruma, ikatupa tope, ikazidi kwenda chini. Nilifurahi kutoka moyoni. Nikafikiria hotuba. Lakini Kabula alishawafungua maksai kwenye jembe, akavuka mpaka wa mashamba, akafunga pawatila kwa zile kamba mbili, akawaambia neno moja Waziri na Mkandarasi. Ikatoka.

Stanslaus alivua kofia. Akasema asante sana, Mkurugenzi.

Kwa Kabula alisema! Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika pembe.

Ijumaa, 22 Novemba

Shamba limelimwa lote. Mpunga unapandwa. Jana Kabula alicheka kwa mara ya kwanza, nilipoteleza nikakaa kwenye tope. Aliniwekea kipande kikubwa cha samaki. Akasema mchagua jembe si mkulima, baba Glory, na wewe ulitaka kuchagua mpaka majini. Nikamwahidi kwamba nimejifunza. Niliahidi kwa moyo wote, na nilimaanisha.

Leo Sixte amepiga simu. Kuna yoti nyingine Kipili. Kubwa kuliko ile! Kibanda cha nahodha kina vioo vizima vyote, kiti kinazunguka, na ndani kuna choo. Mwenye nayo anahamia bara na anapenda sana ng'ombe. Nikamuuliza kama ubavu ni imara. Akasema ni kweli kabisa, Kapteni.

Nimekaa nikatafakari kwa kina yaliyotokea, maana mtu asiyetafakari makosa yake atayarudia. Kosa lilikuwa moja. Nilirudi nyumbani na zile kamba. Bila kamba Kabula asingejua lolote, hadi leo angekuwa anamhurumia Zablon.

Safari hii kamba za ng'ombe nitaziacha huko huko. Desturi nyingine zimepitwa na wakati.

Ila ile kamba ya yoti nitamrudishia aliyeniuzia. Siwezi kuondoka na baraka ya mtu.